Core 2 Duo ya zamani: kadi ya mtandao inatoa Code 10 kwa kila draiva. Tatizo ni draiva au kadi yenyewe imekufa?

#1 Kijukuu_TA
Wakuu, habari za jioni.

Mashine ni ya mezani: Core 2 Duo E8400, chipset ya Q45, RAM 4GB, Windows 10 Pro 64-bit 22H2 iliyowekwa upya. Kadi ya mtandao ni ile ya kwenye mazabodi. Ndani ya Device Manager inaonekana ikiwa na alama ya njano, na maelezo yake ni "This device cannot start. (Code 10)".

Yaliyokwisha kufanyika: kuondoa draiva (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kadi) na kuwasha upya, kuweka draiva ya kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, na kuendesha kifurushi cha Intel. Hicho cha Intel kinakataa kwa ujumbe "No Intel(R) Adapters are present in this computer". Taa za tundu la LAN zinawaka mashine ikiwa imezimwa, Windows ikipanda zinazimika.

Je, hii ni draiva au kadi imeshakufa? Natanguliza shukrani.

#2 FundiWaya
Kwanza tuache kutafuta draiva kwa jina la kompyuta. Modeli moja inaweza kutoka kiwandani na chipu mbili au tatu tofauti za mtandao. Tafuta kwa namba ya chipu.

Device Manager, bofya kulia kwenye kifaa chenye alama, Properties, kichupo cha Details, kisha kwenye orodha ya Property chagua Hardware Ids. Nakili mstari wa juu kabisa kama ulivyo, pamoja na SUBSYS na REV. Kuna watu hukata sehemu ya mwisho wakidhani haina kazi, kumbe kwa Realtek REV ndiyo inayotofautisha vizazi. REV_03 na REV_15 zote hujitambulisha kama DEV_8168, lakini ndani ni chipu tofauti.

#3 Kijukuu_TA
Mstari wenyewe: PCI\VEN_8086&DEV_10DE, mwishoni REV_02.

Kuna kifaa kingine pia chenye alama ya njano, kinaitwa "PCI Simple Communications Controller". Hicho si kadi ya mtandao?

#4 Kipanga08
10DE ni nVidia hiyo mkuu. Tafuta draiva za nForce, ndiyo maana kifurushi cha Intel kinakukatalia.

#5 Mama_Seva
Kipanga, hapo umemvisha Intel kanzu ya nVidia. 10DE ni nVidia ikikaa kwenye nafasi ya VEN (mtengenezaji). Hapa VEN ni 8086, yaani Intel, na 10DE imekaa kwenye DEV (kifaa). VEN_8086 DEV_10DE ni Intel 82567LM-3, gigabiti, inakwenda pamoja na chipset za Q45 zenye ICH10DO. Mashine nyingi za ofisi za 2008 hadi 2010 zinayo.

Kwa mleta mada: hicho "PCI Simple Communications Controller" si kadi ya mtandao. Ukifungua Hardware Ids zake kwa Q45 utakuta DEV_2E14, ni Intel Management Engine. Draiva yake inaitwa MEI au HECI. Kutokuwepo kwake hakuzuii mtandao, ila weka kwa usafi wa mfumo. Watu wengi wanapoteza siku nzima kubandika draiva ya LAN kwenye kifaa hiki kwa sababu kimeandikwa "Communications".

#6 Kipanga08
Nimekubali Mama_Seva, nilisoma harakaharaka. Asante.

#7 NahodhaBiti
Kabla hamjaenda mbali, angalieni waya. 100 Mbps inatumia jozi mbili tu: pini 1 na 2, pini 3 na 6. Gigabiti inataka jozi zote nne. Kama bluu au kahawia imekatika ndani ya waya, kadi ya gigabiti itajaribu 1000, ishindwe, ijaribu tena, taa ziwake na kuzimika. Nenda Properties za kadi, Advanced, Speed & Duplex, weka 100 Mbps Full Duplex. Ikitulia, kata kichwa ubane upya kwa mpangilio wa B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

#8 FundiWaya
Nahodha, ushauri huo ni mzuri lakini kwa ugonjwa mwingine. Waya mbovu hauleti Code 10. Waya mbovu unaleta alama ya X na "Network cable unplugged", au unapata anwani ya 169.254 kwa sababu DHCP (huduma ya ruta ya kugawa anwani) haijajibu. Hapa kadi yenyewe haijaanza, na hicho kichupo cha Advanced huenda kisifunguke kabisa.

Namba za Device Manager zina maana zake, tusizichanganye:

Code 28 ni kwamba hakuna draiva iliyowekwa. Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Code 10 ni kwamba draiva ipo, imepakiwa, imejaribu kuamsha kifaa, kifaa hakikuitika ilivyotarajiwa. Code 39 ni faili la draiva limeharibika au halipo. Code 43 ni kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu baada ya kuanza. Code 52 ni saini ya kidijitali haikuthibitishwa, ipo sana kwenye Windows 7. Code 56 ni Windows bado inapanga mipangilio ya mtandao, na karibu kila mara nyuma yake kuna mabaki ya programu ya VPN au antivirusi.

Kwa Code 10, wa kuhojiwa ni watatu: draiva isiyolingana, hali ya umeme ya kadi, au kumbukumbu ndogo ya kadi yenyewe.

#9 Mama_Seva
Tuanze na draiva, maana haihitaji bisibisi.

Kile kifurushi cha Intel kinakukataa kwa sababu kifurushi cha Windows 10 hakina 82567 ndani yake. Kisakinishi kinasoma orodha yake, hakikuti chipu yako, kinasema hakuna kadi. Usikiendeshe. Chukua kifurushi cha Windows 7 cha 64-bit, kifungue kwa 7-Zip kama folda ya kawaida. Ndani ingia PRO1000, Winx64, kisha NDIS62. Folda hizo zimepangwa kwa toleo la NDIS (kanuni za Windows za draiva za mtandao): 62 ni Windows 7, 63 ni Windows 8, 64 ni 8.1, 65 ni Windows 10. Kwa familia ya 82567 faili unalolitaka ni e1y62x64.inf.

Kisha: Update driver, Browse my computer, Let me pick from a list, Have Disk, elekeza kwenye faili hilo. Orodha ikitokea chagua 82567LM-3 hasa. Kuna LM, LF, V na zenye mkia wa -2, -3, -4. Ukichagua jirani yake Windows itakubali, halafu itakurudishia Code 10 ileile, nawe utasema draiva ni mbovu.

Windows 10 inapokea draiva za NDIS 6. Zisizopita ni za NDIS 5, yaani zile za XP.

#10 SaaTisa
Hizo faili atazipataje na mtandao hana? Njia fupi: simu ya Android, waya wa USB, washa USB tethering (kompyuta kutumia mtandao wa simu). Windows 10 inaitambua yenyewe. Kwenye Windows 7 ikigoma: Update driver, Let me pick, Network adapters, Microsoft Corporation, "Remote NDIS based Internet Sharing Device".

Ila kabla ya yote, nenda Settings, Network & Internet, Ethernet, bofya muunganisho huo na washa "Set as metered connection". Usipofanya hivyo Windows iliyowekwa upya itaanza kuvuta masasisho, na bando la GB 2 litakwisha kabla draiva ya MB chache haijashuka.

#11 Chuma_Chakavu
Mnaruka jambo moja. Mleta mada kasema taa zinawaka mashine ikiwa imezimwa na zinazimika Windows ikipanda. Maana yake chipu inapata umeme wa kusubiri, na ni Windows inayoilaza. Hiyo ni kadi iliyokwama kwenye usingizi, na kubadilisha draiva mara kumi hakutaiamsha.

Fanya hivi. Zima, chomoa waya wa umeme nyuma ya pawasaplai (kuzima swichi ya ukutani tu hakutoshi kama huna uhakika na soketi), chomoa na waya wa LAN. Bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 30. Subiri dakika 5. Rudisha umeme, washa.

Ikipona, zima Fast Startup mara moja, kwa kuandika powercfg /h off kwenye Command Prompt ya msimamizi. Fast Startup haizimi Windows kikamilifu, inahifadhi sehemu ya mfumo pamoja na hali za draiva kwenye diski na kuzirudisha kesho yake. Kama kadi ililala vibaya jana, leo inaamka na ugonjwa uleule. Kipimo chake ni hiki: ukichagua Restart kadi inapona, ukizima na kuwasha inaugua. Restart haipiti kwenye Fast Startup.

Pia kwenye Properties, Power Management, toa tiki ya "Allow the computer to turn off this device to save power".

#12 Kijukuu_TA
Matokeo.

Draiva ya #9 imeingia bila malalamiko, Code 10 imebaki. Baada ya kuchomoa umeme kama #11, kadi imeamka, MAC (namba ya utambulisho ya kadi) inaonekana, ruta imetoa anwani, kasi 1.0 Gbps. Fast Startup imezimwa na ile tiki imetolewa.

Asanteni sana Chuma na Mama_Seva.

#13 Chuma_Chakavu
Safi.

#14 Kipanga08
Sasa linda draiva hiyo. Windows Update inaweza kuibadilisha bila kuuliza. Orodhesha zilizopo kwa pnputil /enum-drivers, tafuta zile oem zenye jina la Intel na darasa la Net. Zile usizotaka: pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall /force, ukiweka namba yako badala ya 12. Kama sasisho la draiva linarudi tena, Microsoft walitoa kijifaili cha kuficha masasisho, wushowhide.diagcab.

Ukitaka kujua Windows ilichagua draiva gani na kwa nini, fungua C:\Windows\INF\setupapi.dev.log, tafuta 10DE. Faili ni refu, soma kuanzia chini kwenda juu.

#15 Kijukuu_TA
Wakuu, imerudi. Siku ya pili asubuhi, baada ya kuzimwa kikamilifu usiku na soketi ya ukutani kuzimwa, Code 10 ileile. Fast Startup bado imezimwa, draiva ni ileile, nimekagua kwa pnputil. Nikichomoa umeme na kubonyeza sekunde 30 inapona tena, ila safari hii ilihitaji kurudiwa mara mbili.

#16 Baharia wa Terminali
Basi toa Windows kwenye kesi. Chukua flashi ya GB 4 au zaidi, weka Linux ya kuendesha moja kwa moja, Debian 12 au Mint. Mashine hiyo haina UEFI ya kutegemea, kwa hiyo kwenye Rufus chagua MBR. Washa kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, fungua terminali:

lspci -nnk | grep -A3 Ethernet
sudo dmesg | grep e1000e

Mstari wa "Kernel driver in use" ukisema e1000e (draiva ya Linux ya kadi hizi za Intel) na kadi ina mtandao, mkosaji yumo Windows. Ukikosekana, dmesg itasema sababu kwa maneno, jambo ambalo Code 10 haifanyi. Fanya jaribio hili asubuhi ikiwa mgonjwa, kabla hujachomoa umeme.

#17 Tumbili_Mtaani
Si aweke tu Windows 11 kwa njia ya kuruka ukaguzi wa TPM (chipu ya usalama)? Windows 10 imeshafikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025.

#18 Mama_Seva
Kwa E8400 haiwezekani kuanzia toleo la 24H2. Toleo hilo linahitaji amri za SSE4.2 na POPCNT ndani ya prosesa, na E8400 inaishia SSE4.1. Hakuna ujanja wa rejista unaoongeza amri kwenye prosesa. Kwa usalama wa miaka ijayo mashine hiyo inafaa Linux, lakini huo ni uzi mwingine.

#19 Kijukuu_TA
Nimefanya #16 asubuhi ikiwa mgonjwa. lspci inaiona kadi, [8086:10de], lakini haina "driver in use". dmesg:

e1000e 0000:00:19.0: The NVM Checksum Is Not Valid
e1000e: probe of 0000:00:19.0 failed with error -5

Nikachomoa umeme, nikarudia Linux ileile, mistari hiyo haikutokea na mtandao ukashika.

#20 Baharia wa Terminali
Hapo ndipo penyewe. NVM ni eneo dogo linalohifadhi MAC na mipangilio ya kadi. Kwa kadi hizi za ICH10 halina chipu yake, limo ndani ya chipu ileile ya kumbukumbu ya SPI yenye BIOS (programu ya kuwashia mashine). Eneo hilo ni KB 8, nakala mbili za KB 4 kila moja. Maneno matatu ya kwanza ya biti 16 ni MAC. Maneno 64 ya mwanzo, kutoka 00 hadi 3F, yakijumlishwa lazima yatoe BABA kwa heksadesimali. Yasipotoa, draiva inakataa kuanza. Draiva ya Windows nayo hukagua jumla hiyo, ila inachokuonyesha ni Code 10 tu.

Wa zamani watakumbuka 2008, matoleo ya majaribio ya kerneli (kiini cha Linux) 2.6.27 yalipofuta NVM za kadi za e1000e. Lawama ilianzia kwenye draiva, mwisho ikaonekana chanzo kilikuwa ftrace, chombo cha kufuatilia kerneli. Tangu hapo e1000e inalilinda eneo hilo lisiandikwe ovyo.

Kuna programu ya Intel ya DOS, BootUtil, ambayo kwa -NIC=1 -DEFCFG hurudisha mipangilio ya awali na kuandika jumla upya. Kuna bodi zilizopona kwa njia hiyo.

#21 Chuma_Chakavu
Baharia, heshima yako, lakini soma tena #19. NVM ikiharibika inabaki imeharibika. Haiponi kwa kuchomoa umeme. Hapa jumla ni mbaya asubuhi na nzuri dakika 10 baadaye, bila mtu kuandika chochote. Data ni nzima, inayokosea ni namna inavyosomwa. Akiendesha DEFCFG wakati usomaji ni mbovu, ataandika jumla mpya juu ya data iliyosomwa vibaya, na hapo ndipo NVM itaharibika kwelikweli.

#22 Baharia wa Terminali
Hoja nzito, naipokea. Mleta mada, USIENDESHE BootUtil kwanza.

#23 SaaTisa
Betri ya BIOS je? CR2032 ikichoka mambo ya ajabu hutokea. Saa ikirudi nyuma hata saini za draiva zinakataliwa.

#24 FundiWaya
Nusu kweli, SaaTisa. Saa iliyorudi 2009 itakuletea tovuti zote kukataa kwa kosa la cheti, na watu husema "mtandao haupo" wakati upo. Code 10 haitokani na saa. Lakini betri iliyokufa hurudisha mipangilio ya BIOS ya kiwandani kila umeme wa ukutani unapokatwa, na mleta mada huzima soketi usiku. Kwenye BIOS angalia Onboard LAN kama inabadilika yenyewe. Pima betri kwa mita: nzima ni volti 3 au zaidi kidogo, ikishuka chini ya 2.7 ibadilishe bila mjadala.

Na ukiwa humo, weka Onboard LAN kuwa Disabled, hifadhi, panda hadi Windows, rudi uweke Enabled. Hilo linailazimisha BIOS kuitambua kadi upya.

#25 Chuma_Chakavu
Mimi nakwenda kwenye pawasaplai. Kadi ya mazabodi, hasa ikiwa na Wake on LAN (kuwasha mashine kupitia mtandao), inaishi kwa volti 5 za kusubiri, waya wa zambarau, pini ya 9 kwenye kiunganishi cha pini 24. Mpaka wake ni asilimia 5 juu na chini: 4.75 hadi 5.25. Kwenye pawasaplai ya zaidi ya miaka 10, kapasita za upande huo ndizo huchoka mwanzo, kwa sababu zinafanya kazi saa 24 hata mashine ikiwa imezimwa. Ikipoa usiku, asubuhi inapanda kwa kusuasua, chipu inaanza kusoma kabla volti hazijatulia.

Pima bila kuchomoa kiunganishi. Ingiza ncha nyekundu kwa nyuma ya pini 9, nyeusi kwenye chuma cha kasha. Pima mara ya kwanza asubuhi, mara tu unaporudisha umeme, halafu baada ya dakika 10. Usiifungue pawasaplai yenyewe. Kapasita kubwa ya ndani hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa.

#26 Mwamba_Ziwani
Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa tusisahau radi. Waya wa LAN uliopita nje kati ya majengo mawili ni mkono wa kupokelea radi. Ndani ya tundu la RJ45 au jirani yake kuna transfoma ndogo za kutenganisha. Zinazuia mengi, si yote. Chipu iliyopigwa nusu hufanya hivyohivyo: leo nzima, kesho haipo, ikipata joto inabadilika. Chomoa LAN wakati wa mvua, kuzima swichi ya umeme peke yake hakukingi.

#27 Kijukuu_TA
Waya haupiti nje, ruta ipo chumba hichohicho.

Vipimo: betri 2.6. Zambarau asubuhi 4.71, baada ya dakika 10 ni 4.83. Betri nimeweka mpya.

#28 Chuma_Chakavu
4.71 iko nje ya mpaka. Nimemaliza.

#29 FundiWaya
Hujamaliza kaka. 4.71 ni upungufu wa volti 0.04 tu, na chipu ya SPI haitumii 5, inatumia 3.3 baada ya kidhibiti cha kwenye mazabodi. Kidhibiti kizuri kwa 4.71 kinatoa 3.3 bila shida. Zaidi ya hapo, mita za bei nafuu zenyewe hukosea kwa asilimia 1 au zaidi.

#30 Mama_Seva
Na mita yenye betri hafifu husoma juu kuliko uhalisia. Kwa hiyo ikiwa betri ya mita imechoka, 4.71 inaweza kuwa chini zaidi ya hapo. Pima tena kwa mita nyingine kabla ya kununua pawasaplai.

Kinachonisumbua mimi ni kidhibiti hicho cha 3.3 chenyewe pamoja na kapasita zake. Tazama kapasita zilizo karibu na tundu la LAN na karibu na chipu ya BIOS: kichwa kilichovimba, au utando wa kahawia kwenye mguu. Ikiwa tatizo ni hapo, pawasaplai mpya itapunguza ugonjwa, haitaumaliza.

#31 Jembe_Jipya
Naomba kuingilia. Laptopu yenye Realtek, Windows 7 64-bit, draiva mpya inatoa Code 52. Ni ugonjwa huuhuu?

#32 FundiWaya
Hapana. Draiva yako imesainiwa kwa SHA-2 (aina mpya zaidi ya saini) pekee na Windows 7 yako haijui kuisoma. Hakikisha una SP1, kisha weka KB4490628, washa upya, halafu KB4474419, washa upya. Kwa mpangilio huo. Ukianza na ya pili unaweza kukwama. Kisha rudia draiva. Usizoee kuzima ukaguzi wa saini kwa F8, unadumu hadi kuwasha kunakofuata tu.

#33 Jembe_Jipya
Imekubali. Ubarikiwe.

#34 NahodhaBiti
Kwa kazi za ofisi, mleta mada anaweza kuendelea huku uchunguzi ukiendelea. Kadi ya PCIe x1 yenye RTL8111 au Intel 82574L inaingia kwenye nafasi fupi, kisha unazima Onboard LAN kwenye BIOS. Kabla ya kununua pima urefu wa kasha: mashine nyembamba zinataka bati fupi, na bati refu halikatiki vizuri kwa msumeno.

Adapta za USB: kwa mashine hiyo yenye USB 2.0, AX88772 inatosha kwa 100 Mbps. AX88179 na RTL8153 ni za gigabiti lakini USB 2.0 itazibana, maana mwisho wake wa karatasi ni 480 Mbps. Epuka zile ndogo za bei ya kutupa zenye namba VID_0FE6 PID_9700. Zimeandikwa USB 2.0 na 100 Mbps, ndani zinakwenda kwa kasi ya USB 1.1, yaani Mbps 12 basi. Nyingine huja na MAC ileile. Ukiweka mbili kwenye swichi moja zitapokonyana mtandao, nawe utarudi hapa kuuliza habari za draiva.

#35 Tumbili_Mtaani
Au aweke kadi ya WiFi tu, ya kuchomoa kwenye laptopu mbovu.

#36 Kipanga08
Hiyo ni mini PCIe, mashine ya mezani inahitaji adapta. Na ukihamisha kutoka laptopu kwenda laptopu angalia orodha ya BIOS ya kadi zinazoruhusiwa: ThinkPad za zamani hukataa kwa kosa la 1802, na HP za zamani kwa kosa la 104. Kadi nzima, draiva sahihi, ila BIOS imeikataa mlangoni.

#37 Kijukuu_TA
Taarifa ya siku tatu tangu betri mpya iwekwe. Siku ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Ya tatu Code 10, ikapona kwa kuchomoa mara moja. Kapasita karibu na LAN zimekaa sawa kwa macho. Mita nyingine asubuhi inasoma 4.74.

#38 SaaTisa
Siku mbili nzima si jambo dogo. Betri ilikuwa na mchango wake.

#39 Chuma_Chakavu
Siku hizo mbili usiku soketi ilizimwa au iliachwa imewashwa? Kama iliachwa, umeme wa kusubiri haukukatika na pawasaplai haikupoa. Hapo betri haina sifa yoyote.

#40 Kijukuu_TA
Siku ya kwanza iliachwa imewashwa. Ya pili ilizimwa.

#41 Mama_Seva
Basi siku ya pili inampinga Chuma na siku ya tatu inampinga SaaTisa.

#42 Baharia wa Terminali
Turudi kwenye chipu ya SPI yenyewe, tuisome moja kwa moja bila kupitia mazabodi. Unahitaji CH341A (kifaa cha USB cha kusoma chipu) na klipu ya SOIC8 ya kubana miguu yake minane. Chomoa umeme, toa na betri ya BIOS. Angalizo: zile CH341A nyeusi za kawaida hutoa volti 5 kwenye nyaya za data hata zikiandikwa 3.3, na chipu yako ni ya 3.3. Tafuta iliyorekebishwa.

flashrom -p ch341a_spi -r soma1.bin
flashrom -p ch341a_spi -r soma2.bin
sha256sum soma1.bin soma2.bin

Zikilingana, ifdtool -x soma1.bin itakutolea eneo la gbe, KB 8, tujumlishe maneno 64 ya kila nakala tuone kama inatoka BABA. Zisipolingana, tengeneza mkao wa klipu urudie. Zikiendelea kutolingana hata klipu ikiwa imekaa vizuri, chipu inayumba, na pawasaplai tuisamehe. Usiandike chochote kwenye chipu kwa sasa, soma tu.

#43 Chuma_Chakavu
Soma asubuhi ikiwa baridi, Baharia. Ukiisoma mchana ikiwa na joto utapata hash (alama za sha256sum za kulinganisha mafaili) mbili zinazofanana na hutajua lolote.

#44 Kijukuu_TA
Klipu nimeagiza, inafika Alhamisi. Nitasoma asubuhi ikiwa baridi, mara nne badala ya mbili, niweke hash zote hapa.